Lugha, Roki na Swali la Utambulisho katika Albamu ya Tékitoi (2004) ya Rachid Taha

1.0 Utangulizi

Albamu ya Tékitoi ilitolewa mwaka 2004 na Rachid Taha, mwanamuziki mzaliwa wa Aljeria aliyefanya kazi yake ya sanaa nchini Ufaransa. Nyimbo zake zimeimbwa kwa Kiarabu cha Aljeria na kwa Kifaransa. Nyuma ya sauti ya mwimbaji mna magitaa ya umeme, seti ya ngoma, mitambo ya kielektroni, udi, fidla na ngoma za mkono za Afrika Kaskazini. Neno linalotumika mara nyingi kuelezea muziki wa namna hii ni "mchanganyiko". Neno hilo si la uongo, ila halielezi mengi. Kusema kwamba roki imechanganywa na muziki wa Afrika Kaskazini ni kudhani kwamba vitu viwili vilikuwapo tangu mwanzo, kila kimoja kikiwa kamili na kikiwa na mwenyewe, kisha msanii akavitia katika chungu kimoja.

Dhana hiyo inaacha maswali matatu bila majibu. Kwanza, kwa nini baadhi ya mambo yasemwe kwa Kifaransa na mengine kwa Kiarabu? Pili, roki ni mali ya nani katika kazi hii? Tatu, mkalimani wa wimbo anapourudisha katika lugha ya watu wanaosimuliwa na wimbo huo, maana hubadilika vipi? Makala haya yanafafanua maswali hayo kwa kuchunguza jina la albamu, nyimbo chache teule na mpangilio wa ala. Hoja inayojengwa ni kwamba katika Tékitoi kila lugha imepewa kazi yake: Kifaransa kinauliza, Kiarabu kinadai hesabu, na roki ni uwanja wa wote ambamo kazi hizo mbili hukutana.

2.0 Usuli wa Msanii na Albamu

Rachid Taha alizaliwa tarehe 18 Septemba 1958 katika mji wa Sig, karibu na Oran, magharibi mwa Aljeria. Wakati huo Aljeria ilikuwa bado chini ya utawala wa Ufaransa ulioanza mwaka 1830, na vita vya ukombozi vilivyozuka mwaka 1954 vilikuwa vikiendelea. Nchi ilipata uhuru mwaka 1962. Akiwa na umri wa miaka kumi hivi, Taha alihamia Ufaransa pamoja na wazazi wake. Kwa hiyo alikulia katika nchi iliyokuwa imeitawala nchi yake, kama mtoto wa wafanyakazi wahamiaji.

Mwaka 1981, katika viunga vya Lyon, Taha na wenzake waliunda bendi ya Carte de Séjour. Maana ya jina hilo ni "kibali cha ukaaji", yaani hati ambayo mgeni hutakiwa kuionyesha ili athibitishe kwamba anaruhusiwa kuishi Ufaransa. Uteuzi wa jina hili unastahili kuzingatiwa, kwa sababu tangu hapo swali la msingi la kazi za Taha lilikuwa limekwisha kutajwa: nani ana haki ya kumuuliza mwingine yeye ni nani na anafanya nini hapa? Mwaka 1984 bendi hiyo ilitoa albamu ya Rhorhomanie iliyosimamiwa na mpiga gitaa Mwingereza Steve Hillage. Mwaka 1986 bendi ilirekodi upya Douce France, wimbo wa Charles Trenet wa miaka ya vita vya pili vya dunia wenye kuisifu Ufaransa tamu ya utotoni. Wakati huo bunge la Ufaransa lilikuwa likijadili mabadiliko ya sheria ya uraia, na nakala za wimbo huo ziligawiwa kwa wabunge. Maneno ya Trenet hayakuguswa. Kilichobadilika ni kinywa kilichoyatamka, na badiliko hilo peke yake lilitosha kuugeuza wimbo wa mapenzi ya nchi kuwa hoja ya kisiasa.

Baada ya bendi kuvunjika, Taha aliendelea peke yake. Mwaka 1998 alitoa Diwân, albamu iliyorudi kwenye nyimbo za zamani za Waarabu, ukiwamo Ya Rayah wa Dahmane El Harrachi unaohusu machungu ya uhamiaji. Mwaka uo huo aliimba pamoja na Khaled na Faudel katika tamasha la 1, 2, 3 Soleils jijini Paris. Mwaka 2000 alitoa Made in Medina. Tékitoi ilifuata miaka minne baadaye, Hillage akiwa bado msimamizi wa kazi. Ushirikiano wao, ambao wakati huo ulikuwa umefikisha miaka 20, ni ushahidi wa kwanza dhidi ya dhana ya mchanganyiko: roki haikuwa kitu kigeni kilicholetwa studio mwaka 2004. Ilikuwa lugha ya kazi ya Taha tangu ujana wake.

3.0 Jina la Albamu kama Swali

Tékitoi si neno la kamusi. Ni maandishi ya matamshi ya haraka ya swali la Kifaransa T'es qui, toi?, yaani "Wewe ni nani, wewe?". Mambo mawili yanajitokeza katika umbo hili.

Jambo la kwanza ni rejesta. Kifaransa kina nafsi ya pili ya heshima na nafsi ya pili ya ukaribu au dharau. Swali hili linatumia ile ya pili, tena linairudia mwishoni. Kiswahili hakina mgawanyo huo wa viwakilishi, lakini mzungumzaji wa Kiswahili hutambua mara moja tofauti kati ya "U nani?" na "Wewe ni nani, wewe?". Swali la kwanza huomba habari, ilhali la pili humweka anayeulizwa mahali pa chini. Ni swali la mlinzi wa mlangoni, la askari wa barabarani, la karani mwenye muhuri.

Jambo la pili ni tahajia. Kwa kuyaunganisha maneno na kuacha kanuni za uandishi, jina linaandika Kifaransa jinsi kinavyosikika mitaani, si jinsi kinavyofundishwa shuleni. Mtoto wa mhamiaji ambaye mara kwa mara hupimwa kwa ufasaha wa Kifaransa chake anaichukua lugha hiyo na kuiandika atakavyo. Hivyo swali la dharau linarudishwa kwa aliyelianzisha. Wimbo unaobeba jina la albamu umeimbwa na Taha pamoja na Christian Olivier, mwimbaji wa bendi ya Kifaransa ya Têtes Raides. Kwa kuwa sauti zinazoshiriki swali ni mbili, moja ya Mfaransa na nyingine ya Mwaljeria, msikilizaji hawezi kuamua kwa urahisi nani anayeuliza na nani anayeulizwa.

Muktadha wa wakati unaliongezea swali hilo uzito. Mwezi Aprili 2002 Jean-Marie Le Pen, kiongozi wa chama cha Front National kilichopinga uhamiaji, alifika duru ya pili ya uchaguzi wa rais wa Ufaransa. Mwezi Machi 2004 ilipitishwa sheria ya kuzuia alama za wazi za dini katika shule za serikali. Katika mazingira hayo, swali la "wewe ni nani" halikuwa la kifalsafa tu. Lilikuwa likiulizwa bungeni, shuleni na kwenye vituo vya polisi.

4.0 Kiarabu cha Aljeria na Wito wa Kutoa Hesabu

Ikiwa Kifaransa cha jina la albamu kinauliza, majina ya nyimbo za Kiarabu yana mwelekeo mwingine. Mengi ni vitenzi, na baadhi ni vya kuamuru: Shuf ("tazama"), Stenna ("ngoja"), H'asbu-hum ("watakeni hesabu"). Kiarabu hiki si kile cha vitabuni. Ni lahaja ya magharibi mwa Aljeria, lugha ya nyumbani na sokoni, ambayo kwa muda mrefu haikupewa hadhi shuleni, iwe chini ya wakoloni Wafaransa au chini ya sera ya Kiarabu sanifu iliyofuata uhuru. Kwa hiyo Taha anatumia lugha mbili, kila moja katika umbo lake la chini: Kifaransa cha mitaani na Kiarabu cha mitaani. Usawa huu wa rejesta haujitokezi mtu anapotazama albamu kama mkutano wa "Ulaya" na "Uarabuni" tu.

Mtafiti wa Kiswahili ana nafasi ya pekee ya kuliona jambo hili, kwa kuwa mizizi kadhaa iliyomo katika majina ya nyimbo imo pia katika Kiswahili. Dima ni matamshi ya Afrika Kaskazini ya neno ambalo Kiswahili kinalo kama "daima". Safi ina maana ya kilicho takata, ingawa katika mazungumzo ya Afrika Kaskazini, hasa Moroko, hutumika pia kwa maana ya "basi, imetosha". Nah'seb na H'asbu-hum zinatoka katika mzizi uliozaa "hesabu", "hisabati" na "mhasibu". Tahadhari inahitajika, hata hivyo. Nah'seb inafanana na "nahesabu" kwa sauti na kwa maana, lakini viambishi vya mwanzo havina asili moja. Kile cha Kiswahili ni cha Kibantu. Kile cha Kiarabu, ambacho katika Kiarabu sanifu huashiria nafsi ya kwanza wingi, katika lahaja za Afrika Kaskazini huashiria nafsi ya kwanza umoja. Kufanana ni kwa bahati, ilhali mzizi ni wa kweli.

H'asbu-hum ndio wimbo unaoidhihirisha vizuri zaidi kazi ya Kiarabu katika albamu. Umejengwa kama orodha: waongo, wezi, wadhalimu, wasaliti na wengineo wanatajwa mmoja baada ya mwingine, kisha wasikilizaji wanaamriwa wawatake hesabu. Wahusika hawatajwi kwa majina ya watu wala ya nchi. Hata hivyo, kwa kuwa amri imetolewa kwa lahaja ya Kialjeria, wa kwanza kuielewa ni Waaljeria wenyewe. Hapa ndipo dhana ya kwamba albamu ni malalamiko ya mhamiaji dhidi ya Ufaransa inapovunjika. Kwa Kiarabu Taha anasema na watu wake kuhusu watawala wao.

Wimbo wa Lli Fat Mat unaleta mgongano. Jina lake ni msemo wa Kiarabu wenye maana ya "kilichopita kimekufa". Sehemu ya pili ya msemo ina mzizi uleule wa "mauti" na "maiti". Msikilizaji Mswahili atakumbuka methali "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo", lakini misemo hii miwili haisemi jambo moja. Methali ya Kiswahili inaondoa ugonjwa katika yaliyopita na kuelekeza tiba mbele. Msemo wa Kiarabu unayazika. Swali linalozuka ni hili: inawezekanaje albamu moja izike yaliyopita na papo hapo idai hesabu yake?

Mgongano huu haukuwa wa kubuni tu. Katika miaka ya 1990 Aljeria ilipita katika vita vya ndani vilivyoua makumi ya maelfu ya watu. Wanamuziki hawakusalimika. Cheb Hasni, mwimbaji wa rai, aliuawa Oran mwezi Septemba 1994. Mtayarishaji wa muziki Rachid Baba Ahmed aliuawa katika mji huohuo mwezi Februari 1995, na mwimbaji wa Kikabaili Lounès Matoub aliuawa mwezi Juni 1998. Mwaka 1999 kura ya maoni iliidhinisha sheria ya maridhiano iliyotoa msamaha kwa wapiganaji wengi, na mwaka 2005 kura nyingine ilipitisha mkataba wa amani na maridhiano ya kitaifa. Tékitoi ilitoka katikati ya kura hizo mbili. Albamu haizitaji, na haihitaji kuzitaja. Kwa msikilizaji wa Oran wa mwaka 2004, kusikia katika kazi moja kwamba yaliyopita yamekufa na kwamba wadhalimu watakwe hesabu kulikuwa kusikia pande zote mbili za mjadala uliogawa familia.

5.0 Rock el Casbah: Wimbo Unaporudi Nyumbani

Wimbo uliojulikana zaidi katika albamu ni Rock el Casbah, tafsiri ya Rock the Casbah wa bendi ya Kiingereza ya The Clash uliomo katika albamu ya Combat Rock ya mwaka 1982. Muziki wa asili ulitungwa kwa sehemu kubwa na mpiga ngoma Topper Headon, na maneno yaliandikwa na Joe Strummer, ambaye alikuwa amesikia habari za watu kuadhibiwa nchini Iran kwa kumiliki sahani za muziki wa disko. Wimbo unasimulia kwa kejeli juu ya mtawala anayepiga marufuku muziki na watu wanaomkaidi.

Maisha ya wimbo huo hayakwenda kama mtunzi alivyokusudia. Wakati wa vita vya Ghuba vya mwaka 1991 ulichezwa kwenye redio ya majeshi ya Marekani, na ilielezwa kwamba jina lake liliandikwa juu ya bomu lililokusudiwa Iraki. Wimbo wa kutetea uhuru wa kusikiliza muziki ulikuwa umegeuzwa kauli ya kushambulia nchi ya Kiarabu. Strummer alifariki mwezi Desemba 2002. Tafsiri ya Taha ilitoka miaka miwili baadaye, wakati Iraki ilikuwa imevamiwa kwa mara nyingine.

Badiliko la kwanza alilolifanya Taha ni dogo kwa macho: neno la Kiingereza the limekuwa el, kibainishi cha Kiarabu. Neno casbah lenyewe ni la Kiarabu, nalo lina maana ya ngome au mji wa kale ulio ndani ya kuta. Katika wimbo wa 1982 neno hilo ni picha ya jumla ya Mashariki, mahali popote penye ngamia na jangwa. Kwa Mwaljeria ni mahali panapojulikana. Casbah ya Algiers ni mtaa wenye vichochoro na ngazi, ulikuwa uwanja wa mapambano ya mjini ya 1956 na 1957, na tangu 1992 umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Aidha, katika maandishi ya Kiarabu neno la ngome na neno la unyasi au mwanzi huandikwa kwa herufi zilezile. Mwanzi huo, ukitamkwa gasba katika lahaja, ndio filimbi ya muziki wa mashambani wa eneo la Oran ambamo rai ilichipuka. Haidaiwi hapa kwamba Taha alikusudia uchezaji huo wa maneno, ila lugha aliyoichagua inao tayari, nayo lugha ya asili ya wimbo haina.

Badiliko la pili ni la msemaji. Katika Kiingereza, Mwingereza anasimulia juu ya Waarabu. Katika Kiarabu, Mwarabu anasimulia juu ya mtawala wake. Kejeli inabaki, lakini haimcheki tena mtu wa mbali. Marufuku ya muziki, ambayo kwa Strummer ilikuwa habari iliyosikika kutoka mbali, kwa kizazi cha Taha ilikuwa na makaburi yenye majina. Ndiyo maana wimbo unaoweza kuonekana kuwa mzaha wa kurudia kazi ya wengine ndio uliobeba mzigo mkubwa kuliko yote katika albamu.

Taha alieleza mara kadhaa kwamba mwaka 1981, bendi ya The Clash ilipopiga Paris, aliwapa wanabendi hao rekodi ya Carte de Séjour, na kwamba huenda walivutiwa nayo. Hoja ya makala haya haitegemei dai hilo. Kinachotosha ni kwamba alijiona kuwa mwenzao katika roki, si mpokeaji wake. Mwaka 2005 Mick Jones, mpiga gitaa wa The Clash, alijiunga naye jukwaani London kuupiga wimbo huo katika onyesho la kupinga vita.

6.0 Mpangilio wa Ala

Madai kuhusu lugha yangekuwa dhaifu iwapo muziki wenyewe ungesema vingine. Tatizo la kiufundi ni hili: shingo ya gitaa la roki ina vigawanyo vya chuma vinavyoigawa oktava katika nusutoni 12, ilhali baadhi ya makamu za Kiarabu zinahitaji sauti zilizo kati ya nusutoni hizo. Udi hauna vigawanyo hivyo, na fidla vilevile. Mtunzi anayelazimisha gitaa kufuata makamu kwa kila noti atapata mgongano, na anayelazimisha udi kufuata mapatano ya gitaa ataupoteza udi.

Suluhisho linalosikika katika Tékitoi ni mgawanyo wa kazi. Magitaa ya umeme hurudia kipande kifupi cha noti chache, kwa nguvu na bila kubadilisha mapatano mara kwa mara. Juu ya msingi huo sauti ya mwimbaji, fidla na mandoluti ya Hakim Hamadouche, ala inayounganisha sifa za mandole ya Aljeria na udi, hupata nafasi ya kupanda na kushuka. Fidla hupiga kwa pamoja mstari mmoja wa melodia kwa mtindo wa okestra za Kimisri. Mtindo huo si mgeni kwa msikilizaji wa taarabu ya Unguja, kwa kuwa vikundi kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, navyo vilijifunza kutoka Misri. Tofauti ni kwamba katika taarabu fidla ndizo zinazobeba uzito wa wimbo, ilhali hapa zinashindana na gitaa lenye mkwaruzo, na katika Rock el Casbah ushindani huo hautatuliwi hadi mwisho.

7.0 Mjadala: Nani Husikia Nini?

Kuna pingamizi linalostahili kujibiwa. Wasikilizaji wengi wa Ulaya hawaelewi Kiarabu. Kwao H'asbu-hum ni mdundo wenye hasira, basi. Je, si kweli kwamba ukosoaji unapotea njiani na kubaki ladha ya kigeni inayouzika? Mfano wa Barra Barra, wimbo wa Taha uliotangulia, unaipa pingamizi hilo nguvu. Ulitumika katika filamu ya Marekani ya Black Hawk Down (2001) inayohusu mapigano ya Mogadishu ya 1993. Wimbo wa Mwaljeria wa Ufaransa ulifanywa kuwa sauti ya jiji la Wasomali, katika filamu iliyopigwa Moroko. Kwa soko la filamu, Kiarabu chochote kilitosha kuashiria Mwislamu yeyote.

Pingamizi hilo ni la kweli kuhusu soko, ila halitoshi kuhusu albamu. Tékitoi haikuandikwa kwa msikilizaji mmoja. Anayejua Kifaransa pekee anaulizwa yeye ni nani. Anayejua Kiarabu pekee anaambiwa awatake hesabu wakubwa wake. Anayejua lugha zote mbili, yaani mtoto wa mhamiaji, ndiye peke yake anayesikia kazi nzima, na katika Ufaransa iliyozoea kumhesabu mtu huyo kuwa na upungufu wa lugha, albamu inamfanya kuwa msikilizaji aliyekamilika kuliko wengine. Kwa mtazamo huu ubadilishaji msimbo si pambo la kimtindo wala dalili ya utambulisho uliopasuka. Ni mbinu ya kugawa maarifa, na mgawo wake unapindua ngazi ya kijamii iliyozoeleka.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamefafanua kwamba Tékitoi haielezeki vya kutosha kama mchanganyiko wa roki na muziki wa Afrika Kaskazini. Jina lake linaligeuza swali la dharau la Kifaransa dhidi ya anayeliuliza. Nyimbo zake za Kiarabu zinaelekeza madai ya uwajibikaji kwa watawala wa Kiarabu, huku zikibeba mgongano ambao haukuwa umetatuliwa Aljeria, kati ya kusahau na kuhesabiana. Rock el Casbah inaonyesha kwamba tafsiri inaweza kumrudishia usemi aliyekuwa akisemwa. Ala nazo hazikuyeyushwa pamoja: kila moja imeachiwa inachokiweza.

Taha alifariki mwezi Septemba 2018 katika viunga vya Paris, naye akazikwa Sig alikozaliwa. Kwa watafiti wa fasihi simulizi na muziki wa Kiswahili, kazi yake inatoa funzo la kimbinu. Uchambuzi wa nyimbo zenye lugha zaidi ya moja, iwe ni taarabu yenye maneno ya Kiarabu au muziki wa kizazi kipya wenye maneno ya Kiingereza, usiishie kwenye kuorodhesha maneno ya mkopo na asilimia zake. Uanze na swali la kazi: jambo gani limesemwa kwa lugha ipi, kwa ajili ya nani, na nani ameachwa nje asiweze kulielewa?